Katibu na Saini za Njiani

Katibu wetu hakuwahi kuandika neno ambalo hakulisikia likisemwa. Naliweka hilo mbele, maana likifika la pili watu watalisahau la kwanza. Ukisema kikaoni kwamba bomba linavuja, ataandika kwamba bomba linavuja. Ukimwomba baadaye aongeze kwamba linavuja sana, atakuuliza kama hilo "sana" ulilisema. Mwenyekiti alimtania kwamba iko siku hata kikohozi chake kitaandikwa. Katibu akajibu bila kuinua kichwa kwamba kikohozi si hoja.

La pili ni hili: kwa miaka minne aliandika kwamba tulikuwepo mahali ambapo hatukuwepo, nasi tukamshukuru.

Chama chetu ni cha wazazi wa watoto ambao akili zao zinakwenda polepole. Tuna kituo nyuma ya zahanati: vyumba viwili, uwanja mdogo wa saruji, tangi la maji na choo kimoja. Watoto kumi na wanane huingia saa mbili asubuhi na kutoka saa nane mchana. Chama kinaendeshwa na kamati ya watu saba, karibu wote wana kazi zao za kuwatoa jasho, na hakuna anayelipwa kwa kukaa kwenye kamati. Mimi ni mmoja wao.

Katibu ni mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake iko kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi, kati ya makopo ya rangi na rundo la mabomba ya plastiki. Aliacha shule darasa la tano mama yake alipougua, akafundishwa kushona na shangazi yake, ambaye alimpiga vidole kwa kijiti kila mshono ulipopinda. Mumewe alikwenda mbali kutafuta kazi, akapata kazi na mke. Katika watoto wake watatu, kitindamimba ndiye aliyemleta chamani, mvulana asiyeongea, aliyependa kujisugua shavu kwa kitambaa cha pamba. Alifariki akiwa na miaka tisa. Wazazi wengine wakishazika hawarudi, na hakuna anayewalaumu. Yeye alirudi wiki ya tatu, akakaa kwenye kiti chake, akafungua daftari na kuuliza tumefikia wapi.

Nyumbani alibaki na mtoto wa marehemu dada yake, binti aliyemlea tangu anatambaa. Binti huyo ndiye anayemsaidia mwalimu wa kituo, na sote tunamwita Dada wa Darasa. Anawavalisha watoto viatu, anawapeleka msalani, anawafuta kamasi, na anajua nani anaogopa mlio upi.

Mwanangu anaitwa Chiriku, kwa sababu kutwa nzima huimba wimbo usio na maneno. Mimi nafua na kupiga pasi kwenye nyumba ya wageni, mashuka arobaini kwa siku, hamsini wageni wakiwa wengi. Kabla ya kituo nilikuwa namfungia chumbani. Nasema wazi kwa sababu wenzangu wengi walifanya hivyo na hawasemi. Nilimwachia maji, mkate na kandambili za zamani za kuchezea, nikafunga kufuli, nikaondoka. Kazini, kila nikinusa kitu kinaungua nilidhani ni nyumbani, kumbe ni shuka mbele yangu. Jioni nilimkuta amekaa nyuma ya mlango, na mbao za mlango zimekwaruzwa kwa kucha. Siku hizi Chiriku anajua kufunga vifungo vitano vya blauzi yake, na cha sita anakiacha kwa makusudi ili nikifunge mimi. Wakati ninaousimulia alikuwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka kumi na mitatu.

Katiba ya chama ni kurasa sita zilizobanwa kwa pini. Inasema kikao cha kamati bila wajumbe watano si kikao. Idadi hiyo huitwa akidi. Neno hilo nililijifunza ukubwani, kama mtu mzima anavyojifunza baiskeli, kwa kuanguka.

Miaka minne nyuma mlango wa choo cha kituo uling'oka. Kamati ikaitwa, wakaja watatu. Ikaitwa tena, wakaja wanne. Mara ya tatu mvua ilinyesha, wakaja Katibu na Nesi tu, na Nesi alikuwa ametoka zamu, anasinzia huku amekaa wima. Siku zote hizo wasichana wakubwa walikuwa wakienda msalani huku mwalimu amesimama mlangoni kashika shuka. Basi Katibu akalitia daftari kwenye mfuko wa nailoni, akatembea nalo. Alimkuta Kinyozi na wembe mkononi. Alimkuta Fundi Bomba miguu tu ikionekana chini ya sinki la watu, akamsomea agenda akiwa hapo hapo. Kila mmoja alisema mlango utengenezwe, kila mmoja akasaini kwamba alihudhuria. Wiki ile ile mlango ukarudi. Nani angelalamika?

Tangu hapo ikawa desturi. Siku moja kabla ya kikao Katibu hupita na daftari, na anayejua hatafika anasaini. Tuliziita saini za njiani. Kinyozi alisema yeye anahudhuria vizuri zaidi akiwa hayupo, maana akiwepo hubishana. Tulicheka. Mimi pia nilicheka na kusaini, si mara moja wala mbili.

Ijumaa moja Katibu alinikuta kwenye meza ya pasi. Nilimuuliza kuna agenda gani. Akasema ni zile zile, kusafisha tangi na zamu za wazazi za usafi. Nikajifuta mkono kwenye aproni, nikasaini, nikihofia tone la jasho lisije likachafua karatasi. Hofu yangu yote siku ile ilikuwa hiyo tu, mimi ambaye huhofia kila kitu.

Jumatano iliyofuata nilikuta barua kwenye mkoba wa Chiriku, imekunjwa mara nne. Mwandiko niliujua. Ilisema kwamba kamati, katika kikao kilichohudhuriwa na wajumbe sita kati ya saba, imeazimia kuwa kuanzia muhula ujao watoto waliotimiza miaka kumi na mitatu wawapishe wadogo walio kwenye orodha ya kusubiri. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili nimekaa. Chiriku alikuwa miguuni pangu, anaimba, anavua viatu. Nikaanza kuwahesabu hao sita kwa vidole, nikijiapiza kwamba nitawajua mmoja mmoja.

Kesho yake kabla ya kazi nilikuwa barazani kwa Katibu.

"Dada, hao sita ni kina nani?"

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akatoa daftari chini ya vitambaa, akalifungua, akaligeuza upande wangu. Waliokaa kwenye viti walikuwa watatu: Mwenyekiti, yeye mwenyewe na Fundi Bomba. Watatu wengine walikuwa saini za njiani. Ya Kinyozi. Ya Nesi. Ya tatu ilikuwa na mkia mrefu, ule ninaouvuta nikiwa na haraka.

"Na hii ni ya nani, mdogo wangu?"

Nikaufunika mkia ule kwa kidole gumba.

Akanieleza kwa sauti ndogo. Hoja ya umri haikuwa kwenye agenda. Mwenyekiti aliileta mwishoni, kwenye mengineyo, akasema kuna mama amefika kwake na mtoto wa miaka mitano mgongoni, analia. Katibu akasema jambo zito hivyo lingoje kikao kingine. Mwenyekiti akamjibu kwamba kwenye daftari wapo sita, akidi imetimia, anayepinga apinge. Fundi Bomba alikuwa na mteja anamsubiri, akasema sawa.

"Wawili kwa mmoja," alisema Katibu. "Mkono wangu ulikuwa chini."

"Na sisi watatu?"

"Nyinyi mlikuwepo kwenye karatasi. Karatasi haiinui mkono."

Siku zile sikukaa nikakalika. Niliunguza shuka la mgeni, nikaunguza na la pili nikilitazama la kwanza. Nilikuwa nikichomoka kazini mchana, kazi haijaisha, naenda kusimama nje ya uzio wa kituo kumwangalia Chiriku kwa mbali, kama vile angeweza kutolewa siku yoyote bila mimi kuambiwa. Nilimwona akipanga vikombe kwa rangi, akivipangua, akivipanga upya. Kikao kingine kilikuwa wiki mbili mbele, na jambo la kwanza la kila kikao ni kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita na kuzithibitisha. Zikithibitishwa zimekuwa ukweli.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alinisikiliza hadi mwisho kisha akanicheka. Alisema watu wenye shida hawaendi mkutanoni, wanaenda mlangoni kwa mkubwa, tena mapema, tena na uso wa unyonge. "Wifi, we una uso huo tayari," alisema, "hata kuutafuta huna haja."

Nikaenda. Mwenyekiti ni mtunza ghala mstaafu, mtu wa kuhesabu vitu na kuvipanga, na simsemi vibaya. Bomba la kituo likikauka ni yeye anayesukuma mkokoteni wa madumu. Ana mjukuu wa miaka minane pale pale. Alinikaribisha sebuleni, akanionyesha orodha ya wanaosubiri: majina kumi na moja, mdogo kuliko wote ana miaka minne. Akaniuliza mimi ningefanyaje. Nikaanza kulia, wala sikupanga.

"Basi, basi, Mama Chiriku," alisema. "Wako abaki. Nitamwambia Katibu aweke maneno, kwamba yeye ni wa kuwasaidia wadogo. Wale wenzako wanne wenye watoto wakubwa wakiuliza, wewe huna habari."

Nilimshukuru kwa mikono miwili. Nilitoka pale mwepesi hadi kwenye geti. Kufika kona nikaanza kuwafikiria watoto wa hao wanne, na hasa mmoja, mtoto wa muuza mkaa, kijana wa miaka kumi na sita mwenye mwili mkubwa, ambaye akifungiwa ndani hugonga kichwa ukutani. Najua, kwa kuwa ule ukuta ni wetu, wao wako upande wa pili. Nikaendelea kutembea. Nilijiambia kila mwamba ngozi huvutia kwake.

Asubuhi nikampelekea Katibu habari, nikidhani atafurahi.

"Limesemwa kikaoni?" aliuliza.

"Limesemwa kwake, sebuleni."

"Basi siwezi kuliandika."

Nilidhani ananitania. Nikarudia. Naye akarudia. Hapo ndipo kikanitoka kitu ambacho sikujua ninacho.

"Dada, umeniandika mimi kikaoni nikiwa napiga pasi. Umemwandika Kinyozi akiwa na kichwa cha mtu mkononi. Leo kwa mwanangu ndiyo unakumbuka sheria?"

Nilisema kwa nguvu, hata muuza duka akaacha kupima misumari. Katibu alichukua uzi, akautia mate, akajaribu kuupitisha kwenye tundu la sindano. Akakosa. Akajaribu tena, akakosa. Mara ya tatu niligeuka nikaondoka bila kuaga, kwa sababu sikutaka kuona ya nne. Njiani nilijuta, lakini kurudi sikurudi. Miguu nayo ina kiburi chake.

Siku mbili baadaye akanitokea kwenye chumba cha kufulia, mikono mitupu. Nikamuuliza daftari liko wapi. Akasema liko kituoni, ndani ya kabati, litatoka Jumamosi saa ya kikao. Alikuwa amewapitia wajumbe wote kazini kwao kama kawaida, ila safari hii aliwaambia waje na miguu yao. Kinyozi aliuliza kama kuna msiba. Alimjibu kwamba bado.

Kisha akakaa juu ya kapu la mashuka machafu, yeye ambaye hakai mahali pachafu, akaniambia alichofanya. Alirudi nyuma miaka minne, ukurasa kwa ukurasa. Vikao vilikuwa thelathini na kimoja. Alikumbuka vizuri nani alikaa kiti gani, na vile ambavyo havikuwa na watu watano chumbani vilikuwa kumi na tisa.

"Katika hivyo kumi na tisa," alisema, "kimo kilichompa kazi mwanangu."

Alikuwa anamsema Dada wa Darasa. Siku ile walikuwa wanne. Jina alilitoa yeye, sifa alizisema yeye, kumbukumbu akaziandika yeye.

Nikaogopa upya, hofu ya upande mwingine. Nikamwambia dada tuache, tutafute njia nyingine, Mwenyekiti ameshaniahidi. Na sikuwa namhurumia yeye peke yake. Chiriku hukubali kuvalishwa viatu na watu wawili tu duniani, mimi na huyo binti.

"Njia ipi?" aliniuliza. "Ile ya sebuleni? Nikiisema moja, nitazisema zote. Mficha uchi hazai, na mimi nimezaa watatu."

Akainuka, akajikung'uta, akaniambia shuka linaungua. Kweli lilikuwa linaungua.

Jumamosi saa tisa alasiri tulikuwa saba. Kituo kina viti vya watoto tu, kwa hiyo tulikaa magoti yakiwa juu karibu na videvu, tumezunguka meza iliyochorwa namba. Fundi Bomba alikuja na begi lake la spana. Kinyozi alinusa hewa akasema hajawahi kuona kamati nzima, kumbe tu wengi hivi. Mama Pacha, ambaye pacha wake wana miaka kumi na ambaye hakuwahi kusaini njiani kwa sababu biashara yake haimweki mahali pamoja, aliuliza mbona Katibu hana tabasamu leo. Watu wakacheka kidogo.

Mwenyekiti akafungua kikao, akamwomba Katibu asome kumbukumbu zilizopita. Katibu akasimama. Huwa anasoma amekaa.

"Kabla hamjazithibitisha," alisema, "mimi niliyeziandika nina sahihisho. Waliohudhuria kikao hicho wameandikwa sita. Si kweli. Walikuwa watatu."

Nje, mtu alikuwa anaburuta bati kwenye zege.

"Katibu," alisema Mwenyekiti taratibu, "unajua unachokifungua?"

"Najua. Nimekihesabu. Ni vikao kumi na tisa."

Mwenyekiti akasema tutachekwa. Akasema kwa hesabu hiyo hata mlango wa choo uliwekwa kinyume cha katiba. Kinyozi akauliza kama basi tuung'oe. Safari hii hakuna aliyecheka, naye akajitazama viatu.

Nilijua ni zamu yangu na ulimi ulikuwa mzito kama shuka lililolowa. Nikasema kwamba nilisaini na sikuwepo. Nikasema sikuuliza vya kutosha. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikasema na la sebuleni, kwamba nilikwenda kuomba mwanangu aachwe peke yake, nikakubaliwa, nikafurahi. Sikumtazama Mwenyekiti. Nesi akainua mkono kama mwanafunzi, akasema na yeye alisaini. Kinyozi akasema na yeye.

Mwenyekiti alijisugua magoti. Nilidhani atafunga kikao aondoke. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mzee kuliko yeye.

"Nilikuwa naviona," alisema. "Viti vinne vitupu, hivi hapa mbele yangu. Nikaangalia daftari badala ya kuangalia viti, kwa kuwa daftari lilisema nilichotaka. Yule mtoto mgongoni mwa mama yake ndiye niliyekuwa namwona."

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole, kama kufumua nguo iliyoshonwa vibaya. Iliamuliwa kwamba kile hakikuwa kikao na azimio lile si azimio. Kuanzia leo hakuna saini nje ya chumba, na hoja yoyote inayomgusa mtoto au mfanyakazi iandikwe kwenye agenda na kutumwa wiki moja kabla. Maazimio ya vile vikao kumi na tisa yarudi mezani, tukianza na yanayowagusa watu. Na kwa kuwa wote saba tulikuwepo, na wote tulikubali kwa sauti lisingoje, hoja ya umri ijadiliwe upya hapo hapo.

Nikajiweka sawa kitini. Nilikuwa na maneno ya wiki mbili. Lakini Nesi akafunua katiba, ukurasa wa nne, akasoma kwamba mjumbe ambaye shauri linaigusa nyumba yake hutoka nje wakati wa kujadili na kupiga kura. Alisoma kwa upole, huku ananitazama kwa kuniomba radhi.

Nikatoka.

Nilisimama karibu na tangi la maji. Mimi ni mtu wa kuangalia. Kitu nikikiona, hata kiwe kibaya, nakivumilia. Sasa nilikuwa nimepewa ukuta niuangalie. Nilisikia sauti bila maneno: ya Mwenyekiti, ndefu, ya Mama Pacha, kali, kimya, viti vikikwaruza sakafu. Nilizunguka tangi. Nikazunguka tena upande mwingine, kana kwamba kuna upande wenye bahati. Nilikagua kama mfuniko umefungwa. Nikafikiria kufuli langu la zamani, ambalo bado ninalo kwenye droo, na nikajua kwamba hata wakisema atoke sitaweza kulifunga tena. Tena sikujua nitafanya nini badala yake.

Kinyozi ndiye aliyekuja kuniita, uso umekazwa kama wa hakimu. Katibu alikuwa amesimama na daftari. Akasoma kwamba hoja ya kuwatoa watoto kwa sababu ya umri imeanguka, wawili wakiunga mkono na wanne wakipinga. Fundi Bomba alibadilisha mkono wake, akasema mara ile alikuwa anasikiliza bomba la mteja na si hoja. Kila mtoto mkubwa ataangaliwa peke yake, mzazi na mwalimu wakiwepo. Wale wadogo kumi na mmoja wataingia mchana, saa nane hadi saa kumi na moja, iwapo wazazi watapokezana zamu ya kukaa nao. Nikajiandikisha Jumanne zote kabla sijaulizwa. Mwenyekiti akasema Jumatatu ni zake.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilikaa tu, nikifuata kwa kidole namba za ile meza ya watoto.

Shauri lililofuata halikutajwa na mtu. Katibu aliweka kalamu juu ya daftari wazi, akasema hili linaigusa nyumba yake, akatoka. Tukabaki tunaitazama kalamu. Nani ataandika? Nesi akasema Mama Chiriku aandike, kwa kuwa yuko karibu nayo.

Nikaishika. Hakuna aliyemsema Dada wa Darasa vibaya. Fundi Bomba alisema kitu kinachofanya kazi hakifunguliwi. Mama Pacha akasema sawa, ila kazi ile haikutangazwa, yeye ana binti wa mdogo wake aliyesomea malezi na yuko nyumbani, na hakuwahi kusikia kwamba kulikuwa na nafasi. Hakusema kwa ubaya. Niliandika alivyosema. Mwenyekiti akaweka hoja mbili: kumthibitisha binti moja kwa moja, au nafasi itangazwe, yeye aendelee na kazi huku akiomba kama wengine.

Nilifikiria viatu vya Chiriku. Nilimfikiria mwanamke aliyesimama nje karibu na tangi, kwa sababu yangu. Kisha nikamfikiria yule binti asiyejulikana aliyesomea malezi, na mama yake, ambaye labda naye huzunguka nyumba bila kutulia.

Tulikuwa sita tunaopiga kura. Walioinua mikono nafasi itangazwe walikuwa watano. Niliandika tano, na mwandiko ukapinda.

Nikaenda kumwita mwenyewe. Alikuwa amegeukia geti, mikono nyuma.

"Wangapi?" aliuliza kabla sijafika.

"Watano kwa mmoja. Itatangazwa. Anaendelea hadi apatikane mtu, naye aombe kama wenzake."

"Na mkono wako?"

Ningeweza kumwambia kwamba kura ni ya kamati. "Ulikuwa kwa kutangaza, dada."

Hakunishukuru wala hakunilaani. Alifungua kitambaa chake cha kichwani, akakifunga upya, akakikaza.

"Basi tumalize haraka," alisema. "Nataka nimwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na jirani."

Akanipita, akatangulia ndani.